Una sauti kumi na mbili, sasa mtafute mtu mmoja: jibu kwa mdogo wetu wa Ujiji

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ujiji, ana miaka 23, anauza mitumba pale soko la Mwanga, Kigoma mjini. Barua yake ilikuwa ndefu kwahiyo naifupisha. Anasema tangu yuko shule anaigiza sauti za watu, saa hizi ana sauti kumi na mbili: babu wa Kiha, mama wa Kimanyema, konda, mtoto mtukutu, mganga, mchungaji, dereva wa lori na wengine. Anajirekodi kwa simu, klipu zinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka zinamrudia mwenyewe hazina hata jina lake. Kwenye harusi anaitwa achekeshe, malipo yake ni sahani ya wali na soda. Mama yake anamwambia uchekeshaji sio kazi ya mtoto wa kike. Anauliza: hii inaweza kuwa kazi ya maisha au ni mchezo tu, na kama ni kazi, ni lazima ahamie Dar?

Marahaba mdogo wangu. Mimi niko Tabora, nimecheza na kuongoza michezo ya redio kwa muda mrefu kiasi, na sasa nafundisha vijana sauti, kwahiyo ntakujibu kwa kirefu maana umeuliza kitu ambacho watu wengi wana kipaji chake afu wanakiacha kinafia kwenye simu.

Jibu fupi ni ndiyo, ni kazi. Kwa kweli ni kazi mbili zinazokaa nyumba moja. Kuna mwigizaji wa wahusika wa vichekesho, yule ambaye sio staa wa mapenzi wala mpiganaji, yeye ndiye babu, jirani mbea, mlinzi, mama mkwe, anatokea dakika tano mnamkumbuka kuliko stelingi. Na kuna mwigizaji wa sauti, wa redio, katuni, matangazo na tamthilia za nje zinazoingizwa Kiswahili, ambaye watu wanamjua masikioni lakini akipita sokoni hakuna anayegeuka. Wengi waliodumu wamefanya zote mbili, kwa sababu mzizi ni ule ule, uwezo wa kuwa mtu mwingine mpaka anayesikiliza akuamini.

Sasa hapo kwenye kumi na mbili ndipo nataka tukae kidogo. Umelitaja hilo idadi mara nyingi kwenye barua yako na naelewa kwanini, ndicho kitu watu wanakusifia. Lakini angalia waliotutangulia. King Majuto, Amri Athumani, mtoto wa Tanga aliyezaliwa 1948, hakuwa mtu wa sauti nyingi. Alikuwa na moja. Alikuwa Majuto kwenye kila filamu, mzee mkali wa haraka, mwenye tamaa zake ndogo ndogo, anayekasirika kabla hajaelewa amekasirikia nini, na sisi tulikuwa tunanunua mkanda kwa ajili ya huyo huyo mmoja, mpaka anafariki tarehe 8 Agosti 2018 pale Muhimbili nchi nzima ilikuwa inamjua kuanzia mtoto wa chekechea. Upande wa pili una Joti, Lucas Mhuvile wa Orijino Komedi, yeye ni mtu wa kubadilika, leo mzee, kesho mtoto, keshokutwa mwanamke. Lakini ukimwangalia vizuri utaona kila mmoja kati ya wale ana mwendo wake, ana kitu anachokitaka na ana watu anaowaogopa. Sio sauti tu iliyobadilishwa. Kwahiyo njia zote mbili zipo, ya mmoja na ya wengi, ila hakuna njia ya sauti kumi na mbili zisizo na watu ndani yake.

Nimesikiliza klipu tatu ulizonitumia. Ile ya babu wa Kiha kwa wakala wa pesa za simu ni nzuri, sikio lako ni kali sana, yani ile namna anavyovuta mwisho wa sentensi kama anasubiri umjibu afu hakupi nafasi, hiyo hakukufundisha mtu. Lakini kwa dakika nzima babu anachekesha kwa lafudhi tu. Anasema "wakala" vibaya tunacheka, anasema "namba ya siri" vibaya tunacheka, mara ya tatu nimeshazoea na sicheki tena. Sasa jaribu hivi. Babu yule yule, wakala yule yule, ila mpe haja. Basi la Kasulu linaondoka baada ya nusu saa, mjukuu wake kafukuzwa shule kwa sababu ya sare, hela imetumwa na mtoto wake aliyeko Dar na babu hajawahi kutoa hela kwenye simu. Wakala anamwambia hela yako imeingia mzee. Babu anamwangalia, anaiangalia simu, anasema: "Imo humo? Basi fungua unipe." Wakala anasema lazima uweke namba ya siri. Babu anakaa kimya, anageuka nyuma kuangalia foleni, afu anamnong'oneza wakala namba yake kwa sauti ambayo foleni nzima imesikia. Wakala anamkataza, mzee usiseme, ni siri. Babu anajibu kwa uchungu kabisa, "sasa siri nikuambie we tu, hawa wamesikia wenyewe."

Umeona? Hapo lafudhi unaweza kuipunguza nusu na bado watu watacheka, kwa sababu wanacheka mtu ambaye ana akili zake timamu, ana haraka, ana mjukuu anampenda, na dunia imemletea mtambo asioujua. Babu mwenyewe hachekeshi. Kwake hiyo ni siku mbaya. Hii ndiyo siri ya kazi yetu kama ipo siri, mhusika wa kichekesho hajui kwamba yuko kwenye kichekesho. Ukimsikia mwigizaji anacheka ndani ya sauti yake mwenyewe jua ameshatoka kwa mhusika.

Kwahiyo kazi yako ya miezi inayokuja ni kupunguza. Katika hao kumi na mbili chagua mmoja, ningekushauri babu, na umjue. Analala saa ngapi, anadaiwa na nani, mkewe anamwitaje akikasirika, akiwa na njaa sauti yake inapanda au inashuka. Mrekodi akiwa na furaha, akiwa msibani, akiwa anaongea na hakimu, akiwa anaongea na mtoto mdogo. Kama sauti inakuwa ile ile kwenye hali zote basi bado hujampata, umepata kinyago. Akikamilika huyo, wa pili atakuja kwa haraka zaidi na mara nyingi atakuwa ni mtu anayegombana na huyo wa kwanza.

Na hapa naomba niseme kitu kuhusu lafudhi ya Kiha maana naona watu wengi wanakosea. Kwenye vichekesho vingi mtu wa Kigoma analetwa awe mshamba, anachekwa anavyotamka, basi, scene imeisha. We unatoka Ujiji, mji ambao Wamanyema, Waha, Wabembe, Warundi na Wakongo wamekaa mlango kwa mlango vizazi na vizazi, kila siku masikio yako yanasikia Kiswahili cha aina nne kabla ya saa nne asubuhi. Pale Kibirizi boti zikishusha mizigo na abiria wa vijiji vya ziwani na wa ng'ambo, una darasa ambalo mtu wa chuo hana. Hiyo ni mali yako, usiiuze kwa bei ya dharau. Watu wa Kigoma wameulizwa uraia wao mara nyingi mno kwa sababu ya namna wanavyoongea, na Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996, iko hapo hapo Kasulu imejaa watu ambao lafudhi yao imewaletea taabu kubwa kuliko kuchekwa. Sisemi usiwaigize. Nasema waigize kama mtu wao. Kipimo changu ni rahisi, mpigie mzee mwenyewe wa Kasulu hiyo klipu akiwa amekaa na wenzake, kama anacheka na kusema huyu ni fulani wa kwetu, umepatia. Akitabasamu tu kwa adabu, irudie.

Mfano mzuri kabisa wa hili ni Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha TV ya Kenya. Jina lake halisi Benson Wanjau, Mkikuyu, na kwa miaka mingi alimcheza mzee wa Kijaluo pale KBC mpaka watu wengi waliamini ni Mjaluo wa damu. Mavazi, mwendo, Kiswahili cha mzee yule, vyote vilikaa. Na Wajaluo wenyewe walimpenda, ndio maana nasema kuigiza kabila la mwingine sio kosa, kosa ni kulicheza kwa juu juu. Pembeni yake alikuwepo Mama Kayai, Mary Khavere, na hili umpelekee mama yako, kwamba ile Vitimbi isingesimama bila yule mama, Ojwang alikuwa anahitaji mtu wa kumjibu na mama yule alimjibu kweli kweli.

Kuhusu mama, usibishane naye kwa maneno. Neno la mtoto wa kike lina hofu nyuma yake na hofu hiyo ina sababu, usiku, safari, wanaume wa studio wasio na adabu. Mwonyeshe kazi. Kwenye upande wa sauti hasa, mwanamke ana nafasi ambayo mwanaume hana kwa sababu moja ya kimwili: watoto wa kiume kwenye katuni huigizwa sana na wanawake wazima. Mtoto halisi wa kiume ukimwajiri ana miaka kumi, baada ya miaka mitatu sauti inavunjika na mhusika wako amekufa. Ndio maana Bart wa The Simpsons, mtoto wa kiume wa miaka kumi, sauti yake tangu 1987 ni ya Nancy Cartwright, mama mtu mzima, na bado Bart ana miaka kumi. Yule mtoto wako mtukutu kwenye klipu ya pili asidharauliwe basi, mimi ningemweka wa pili baada ya babu.

Tukija kwenye koo. Hapa nakuwa mkali kidogo. Sauti ya mganga uliyoirekodi unaikwaruza kutoka kooni, na umeniambia ukimaliza unakohoa na kesho yake umekauka. Acha mara moja. Nyuzi za sauti ni vitu vidogo sana, ukizikwaruza kila siku zinaota vinundu, na kinundu kikikomaa kinakuchukulia zile sauti za juu kwanza, yani mtoto mtukutu anaondoka wa kwanza. Ukali wa mganga usitoke kwenye koo kubanwa, utoke kwenye pumzi nyingi, kifua, na ulimi uliorudi nyuma kidogo, na ukubwa wa mdomo. Itasikika nzito bila kuumiza. Kama inauma au inawasha, sio mbinu, ni jeraha. Na siku ya kurekodi sauti za kupiga kelele na za kukwaruza ziweke mwisho kabisa, hata studio kubwa za nje wanafanya hivyo, kwa sababu baada ya hapo hakuna kitu kingine kizuri kitatoka.

Zoezi langu la kila asubuhi ni hili na halina gharama. Chukua glasi ya maji nusu, mrija wa soda, zamisha ncha kama vidole viwili, afu vumisha sauti kupitia mrija, "uuu", mapovu yatoke sawa sawa bila kukatika, panda polepole kutoka sauti ya chini mpaka ya juu na ushuke. Dakika tatu tu. Mapovu yakikatika ujue pumzi imeyumba. Inalainisha koo vizuri kuliko tangawizi, ambayo ni tamu lakini haigusi nyuzi zenyewe, kitu unachomeza kinapita njia nyingine. Maji ya kunywa ndiyo, siku nzima kidogo kidogo. Ukiwa umekaukiwa usinong'one ukidhani unapumzisha, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha, nyamaza tu. Na ukikaa zaidi ya wiki tatu sauti haijarudi, nenda hospitali ya mkoa uombe rufaa kwa daktari wa masikio pua na koo, Bugando Mwanza wapo, usikae na asali nyumbani.

Kurekodi sasa. Umelalamika kwamba huna studio, mdogo wangu we unauza mitumba! Nguo nyingi zilizoning'inia ni ukuta mzuri sana wa studio, zinakula mwangwi. Ingia katikati ya makoti na mablanketi, yawe nyuma yako na pembeni, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni lakini isiwe mbele kabisa, iweke pembeni ya kona ya mdomo ili "p" na "b" zisipulize maiki. Zima data na weka simu kwenye hali ya ndege. Mvua ikianza kwenye bati acha, hakuna programu itakayoitoa ikapendeza, na upepo wa ziwa mchana unaingia kwenye kila kitu kwahiyo alfajiri ndio saa yako. Ukimtumia mtu wa kazi usitume kama voisi noti, WhatsApp inaibana inakuwa nyembamba, itume kama dokumenti ifike kama ilivyo. Na lile tatizo la klipu kuzunguka bila jina lako, dawa yake ni kuliweka jina ndani ya mazungumzo ya mhusika, sio mwanzoni wala mwishoni ambako wanakata. Babu amtaje, "huyu mtoto wa Ujiji anayenirekodi rekodi", na jina lako la kazi likae hapo katikati ya kichekesho penyewe, wakilikata wamekata na cheko.

Kazi ziko wapi? Anza na zilizo karibu. Redio za mkoani zinahitaji matangazo ya biashara yenye wahusika, Kigoma mnayo Joy FM, huku kwetu Tabora kuna CG FM na VOT, na Radio Kwizera ya Ngara iliyoanza 1995 kwa ajili ya wakimbizi imezoea vipindi vya kuelimisha kwa watu wa lugha mchanganyiko. Mashirika yanayofanya kazi makambini na vijijini yanatengeneza michezo mifupi ya afya, na mchezo wa redio sio kitu kidogo, usije ukaudharau. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania 1993, kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, mpenda wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, na nchi nzima ilikuwa inamfuatilia Mkwaju mpaka UKIMWI unampata. Dodoma walicheleweshewa kwa makusudi kama miaka miwili ili watafiti walinganishe na sehemu zilizousikia, na waliona tofauti kwenye mambo kama uzazi wa mpango. Mhusika wa sauti tu, hana sura, anabadilisha mambo ya chumbani kwa watu. Una dereva wa lori kwenye orodha yako, msikilize upya ukifikiria hilo.

Mbali kidogo, Dar kuna Ubongo wanaotengeneza katuni za watoto, Ubongo Kids ilianza kurushwa 2014, na kuna kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, Azam wanafanya, StarTimes wanafanya, mwaka 2016 StarTimes waliendesha mashindano ya kutafuta sauti na washindi wakapelekwa kufanya kazi Beijing. Ile kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana, unamwangalia mdomo wa mtu kwenye skrini, unasikia lugha nyingine sikioni, unasoma skripti ya Kiswahili ambayo karibu kila mara ni ndefu kuliko mdomo wenyewe, na bado uigize. Jizoeze nyumbani, weka tamthilia yoyote, zima sauti, mwingize babu wako. Na kabla yao wote tulikuwa na watu kama Lufufu kwenye vibanda umiza, mtu mmoja anatafsiri filamu nzima, stelingi yeye, adui yeye, mama yeye, na anaongeza na stori zake, watu walikuwa wanachagua mkanda kwa sababu ya sauti yake sio kwa sababu ya mwigizaji wa kule. Hiyo ni shule yetu wenyewe na naomba msiisahau.

Sasa hela, na hapa ndipo wengi wameumia. Majuto akiwa mgonjwa mwaka 2018 ikabidi suala la mikataba yake ya matangazo lifike kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa na kamati iundwe kuiangalia, kwa sababu sura na sauti yake vilikuwa vinauza bidhaa na yeye kitandani hana. Ojwang naye miaka ya mwisho watu walichangishana kwa ajili ya macho yake, akafariki Julai 2015 akiwa kipenzi cha wote na mfuko mtupu. Hawa walikuwa mabingwa. Hawakukosa kipaji, walikosa karatasi.

Kwahiyo karatasi. Ukifanya tangazo usilipwe kwa dakika za sauti, lipwa kwa matumizi. Mkataba useme litachezwa wapi, redio tu au na TV na mitandao, kwa muda gani, miezi mitatu au mwaka, na wakitaka kuendelea wanalipa tena. Kama karatasi inasema "milele" au "popote" bei iwe nyingine kabisa au uondoke. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma tangu Julai mpaka Novemba na moja ya sababu kubwa ilikuwa akili unde kunakili sauti na sura zao, kwahiyo na we weka mstari mmoja kwenye kila mkataba: sauti hii haitatumika kufundishia mashine wala kutengeneza sauti nyingine bila ruhusa yangu ya maandishi. Usione aibu kuuweka eti we ni mdogo, mkubwa ndiye anayeweza kumudu kukosea hapo.

Jisajili BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako hapo hapo Kigoma. Skripti na rekodi zako zisajili COSOTA, wale wa hakimiliki. Elewa vizuri kitu kimoja, sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi uliyoitunga, maandishi, rekodi, uigizaji wako, hailindi wazo lililoko kichwani wala "sauti ya babu" kwa ujumla, kwahiyo babu asipoandikwa na kurekodiwa itakuwa ngumu kuthibitisha ni wako. Jina la mhusika likianza kujulikana lipeleke BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Ni mlolongo, najua, lakini fanya mmoja mmoja.

Kuna mtu mmoja wa zamani nataka umjue kwenye hili la jina. Mel Blanc, Mmarekani, 1908 mpaka 1989, ndiye sauti ya wahusika wa katuni Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig na wengine wengi sana. Alitokea redioni kama sisi. Mwenyewe alisimulia kwamba aliomba kuongezwa mshahara studio ikakataa, akasema basi wekeni jina langu kwenye filamu, wakati huo waigizaji wa sauti hawakuwa wanaandikwa kabisa, wakakubali kwa kuwa haikuwagharimu kitu. Lile jina ndilo lililomletea kazi za maisha yake yote. Mwaka 1961 akapata ajali mbaya ya gari Los Angeles, akalala siku nyingi hajitambui, haitikii mkewe wala mwanae, mpaka daktari akajaribu kumsalimia kama Bugs Bunny, na mtu akajibu kwa sauti ya Bugs. Afu akiwa bado amefungwa plasta mwili mzima walimletea maiki kitandani akaendelea kurekodi katuni ya The Flintstones. Nakusimulia hili kwa sababu umeniuliza kama ni mchezo tu. Wale watu walikuwa wamekaa ndani yake kiasi hicho.

Kuhusu harusi, wali na soda basi. Ongea na MC kabla, sio ukumbini. Mwambie unaleta babu kwa dakika kumi, babu atatoa nasaha kwa bwana harusi, na bei yako ni kiasi fulani, nusu kabla. Watakaokataa watakuwa wengi mwanzoni. Usiingie na sauti zote kumi na mbili kama mtu anayemwaga robota, ingia na babu na utoke wakiwa bado wanamtaka.

Dar? Bado. Usiende Dar kutafuta kazi, nenda Dar ukiwa umeitwa kazini, tofauti yake ni kodi ya miezi sita. Kazi ya studio kubwa iko kule, sikudanganyi, lakini ukifika saa hizi utakuwa mmoja wa mamia wanaojua kubadilisha sauti na utaanza kuongea kama wao ndani ya mwaka, sikio lako litapoteza Ujiji. Kama unataka shule, TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa za maonyesho tangu kilipokuwa chuo cha sanaa mwaka 1981, ulizia sifa za kujiunga na ada, na hilo hata mama anaweza kulikubali haraka maana kuna cheti. Hiyo ndiyo safari pekee ningekuruhusu mwaka huu.

Kwa sasa nataka unitumie kitu kimoja. Babu peke yake, dakika mbili, hana wakala, hana mtu wa kumjibu, amekaa stendi ya Kigoma mjini na basi limemwacha, anaongea na simu ambayo hajui kama mtu wa upande wa pili ameshakata. Usiweke muziki nyuma wala vicheko vya kubandika. Nitumie kama dokumenti, na uandike chini yake babu alikuwa anakwenda wapi na kwanini ilikuwa lazima afike leo.